Kabla Hujapeleka Mnyama Maonyesho ya Nje: Somo Kutoka kwa Wenye Farasi



Kila msimu wa maonyesho ukikaribia huwa naulizwa swali lile lile: "Bwana mifugo, nina dume zuri la mbuzi wa maziwa. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wametualika. Nimpeleke vipi?" Anayeuliza huwa ameshamwogesha dume, amemkata kwato, na amepatana na mwenye gari. Kilichobaki, kwa mawazo yake, ni karatasi moja ya kupitia mpakani.

Leo nataka nikujibu kwa kutumia mfano wa farasi. Najua wengi wetu hatufugi farasi. Tuna punda, mbuzi, ng'ombe na kuku. Lakini farasi wa mashindano ndiye mfugo anayesafirishwa sana kutoka nchi hadi nchi, hata kwa ndege, kwenda kuonyeshwa tu na kurudi nyumbani. Wenye farasi wamegongana na sheria za mipaka kwa gharama kubwa, na mimi nimezoea kufuatilia mambo yao kwa sababu wao wameshalipa ada. Sisi tuchukue somo bure.

Ukubwa wa maonyesho haufungui mpaka

Mwaka 1956 michezo ya Olimpiki ilifanyika Melbourne, Australia. Wakati huo Australia ilikuwa na sheria kali: farasi wa kutoka nje alipaswa kukaa karantini miezi sita. Hakuna timu ambayo ingekubali farasi wake afungiwe nusu mwaka kisha atoke kushindana. Australia haikulegeza sheria, hata kwa ajili ya Olimpiki. Matokeo yake ni kwamba mashindano ya farasi yalihamishiwa Stockholm, Sweden, yakafanyika mwezi Juni, miezi mitano kabla ya michezo mingine kuanza Melbourne. Walishiriki wapanda farasi 158 kutoka nchi 29.

Mwaka 2008 jambo linalofanana na hilo lilitokea tena. Olimpiki ilikuwa Beijing, lakini farasi walishindania Hong Kong, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na mpangilio wa afya ya wanyama na karantini ambao nchi nyingine ziliuamini.

Basi ukipata barua ya mwaliko yenye mhuri mkubwa, ishukuru lakini usiitegemee mpakani. Barua ya mwaliko inasema unakaribishwa uwanjani. Haisemi mnyama wako anaruhusiwa kuingia nchini.

Mnyama hapimwi peke yake, linapimwa eneo lake

Hapa ndipo wafugaji wengi wanaposhangaa. Mtu ananiambia, "Mbuzi wangu mzima kabisa, mwangalie mwenyewe." Namwangalia, na kweli ni mzima. Lakini afisa wa mpakani anataka kujua kwanza mbuzi huyo anatoka wapi.

Tazama ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huenezwa na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu. Farasi asiye na kinga akiupata, mara nyingi hufa. Punda na pundamilia wanaweza kuwa na virusi mwilini bila kuonyesha dalili yoyote. Kwa sababu hiyo nchi zisizo na ugonjwa huu zinawaogopa wanyama wa jamii ya farasi wanaotoka kwetu. Marekani, kwa mfano, humweka farasi anayetoka nchi yenye ugonjwa huu karantini kwa muda usiopungua siku 60. Farasi anayetoka nchi nyingi za Ulaya Magharibi hukaa siku chache tu kabla ya kuruhusiwa, ingawa majike na madume waliokomaa huongezewa vipimo vya ugonjwa wa uzazi. Farasi hao wawili wanaweza kuwa na afya sawasawa. Kinachowatofautisha ni anwani.

Afrika Kusini wanalijua hili vizuri. Walitenga eneo la Cape Town kama eneo huru, na kulizungushia maeneo ya udhibiti katika Western Cape, ili farasi wao waweze kwenda Ulaya moja kwa moja. Mwaka 2011 ugonjwa ulizuka Mamre, ndani ya eneo la udhibiti. Umoja wa Ulaya ukafunga mlango. Kuanzia hapo farasi wa Afrika Kusini aliyetaka kwenda Ulaya alizungushwa kupitia karantini ya Mauritius, safari iliyokula muda mrefu na fedha nyingi. Wapanda farasi wengine wa huko wakaona heri kumweka farasi Ulaya moja kwa moja kuliko kumvusha. Mlango wa Ulaya ulifunguliwa tena mwaka 2024, baada ya miaka 13.

Fikiria mfugaji mmoja wa Cape Town ambaye farasi wake hakuugua hata siku moja katika miaka hiyo yote. Naye alifungiwa pamoja na wenzake. Je, ni haki? Ukimtazama yeye peke yake, si haki. Lakini usubi haujui ua la nani limeishia wapi, na nchi inayopokea haina namna nyingine ya kujilinda.

Na mlango haukufunguliwa kwa sababu farasi mmoja alikuwa bingwa. Ulifunguliwa kwa sababu eneo zima lilikubali kazi ya kuchosha: kutoa taarifa za ugonjwa, kudhibiti chanjo, kufuatilia kila farasi anayeingia na kutoka, na kuwaweka wasafiri kwenye mabanda yaliyozuiliwa wadudu.

Sasa rudi kijijini kwako. Jirani yako akificha mbuzi wanaoharisha na kutoa kamasi, akaogopa kuripoti sotoka ya mbuzi na kondoo, eneo likija kuwekwa chini ya zuio, dume lako la maonyesho halitoki. Ndiyo maana mimi hupiga kelele kila siku ya chanjo. Chanjo ya mbuzi wa jirani ni sehemu ya kibali chako.

Milango ni mitatu, na kila mmoja una mlinzi wake

Mpakani kuna idara ya mifugo, kuna forodha, na kuna uhamiaji. Ya kwanza inauliza afya ya mnyama. Ya pili inauliza mali na ushuru. Ya tatu inamuuliza mtu anayemshika kamba.

Uingereza wamejifunza hili kwa maumivu baada ya kutoka Umoja wa Ulaya. Zamani kulikuwa na makubaliano ya nchi tatu, Uingereza, Ufaransa na Ireland, yaliyowaruhusu farasi wa mbio na wa mashindano kuvuka kwa urahisi mkubwa. Tarehe 1 Januari 2021 utaratibu huo ulikoma kwa Uingereza. Sasa farasi yule yule, kwenda uwanja ule ule wa Ufaransa, anahitaji vipimo vya damu, cheti cha afya kilichosainiwa na daktari wa mifugo aliyeidhinishwa na serikali, na kuingilia kwenye kituo chenye ukaguzi wa mifugo. Upande wa forodha, mwenye farasi anapaswa kuonyesha kwa karatasi au kwa dhamana kwamba mnyama anaingia kwa muda na atarudi, la sivyo atahesabiwa kama bidhaa iliyoletwa kuuzwa. Na mtunza farasi mwenye pasipoti ya Uingereza peke yake hawezi kukaa nchi za Schengen zaidi ya siku 90 ndani ya kila siku 180 bila viza au kibali kingine. Akitaka kufanya kazi huko, sheria ya nchi husika inaweza kumtaka kibali cha kazi.

Wenye fedha huajiri wakala wa kusimamia yote hayo. Mwenye farasi wawili na gari moja hupunguza safari au huacha kabisa. Sheria ni ile ile kwa wote, lakini uzito wake haulingani. Hili nakuomba ulikumbuke, kwa sababu mimi na wewe tuko upande wa farasi wawili.

Niliwahi kushuhudia haya kwa mbuzi. Kikundi kimoja cha wafugaji kilialikwa maonyesho ng'ambo ya mpaka. Madume mawili yalipimwa, yakachanjwa, na vibali vikatoka vizuri. Gari likakodiwa. Kijana anayewachunga, ambaye madume wale walikuwa hawashikiki na mtu mwingine, hakuwa na hati ya kusafiria. Ikaombwa kwa haraka, ikachelewa siku nne. Siku nne si nyingi kwa binadamu, lakini kibali cha mnyama kina tarehe yake. Hati ya kijana ilipofika, kibali cha mbuzi kilikuwa kimeisha. Maonyesho yakapita, na gharama ya gari ikabaki kwa wanakikundi. Kijana yule aliwalisha madume wale jioni ile bila kusema neno.

Kwetu sisi mambo yakoje

Usidhani ujirani wa Afrika Mashariki unafuta haya. Oktoba 2017 Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 waliokuwa wameingia kutoka Kenya kwa malisho. Siku chache baadaye vifaranga 6,400 vilivyokamatwa Namanga viliteketezwa kwa moto, na sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia mafua ya ndege. Mgogoro ule ulifika hadi serikali za nchi mbili, lakini waliopata hasara ya kwanza walikuwa watu wa kawaida.

Pia kuna wanaochanganya mambo mawili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha. Kinamsaidia sana mfanyabiashara mdogo kwenye ushuru. Lakini hicho ni cha mlango wa forodha tu. Hakimfanyi mnyama kuwa na cheti cha afya, wala hakikupi wewe hati ya kusafiria.

Kwa hiyo ukipata mwaliko, fanya hivi:

1. Anza na nchi unayokwenda. Uliza idara yao ya mifugo inataka chanjo gani, vipimo gani na karantini ya siku ngapi. Mtu wa kukuulizia ni mwenyeji aliyekualika. Mpe kazi hiyo mapema.

2. Nenda kwa daktari wa mifugo wa halmashauri na barua ya mwaliko mkononi. Muulize kama eneo lenu lina zuio lolote. Kama lipo, okoa fedha zako, usikodi gari.

3. Sema ukweli forodha: mnyama anarudi au anauzwa? Kama anarudi, uliza utaratibu wa kuingia kwa muda kabla hujafika. Kama kuna uwezekano akapata mnunuzi uwanjani, uliza pia ushuru na vibali vya kumuuza.

4. Maonyesho ni safari mbili. Uliza masharti ya kumrudisha mnyama nyumbani. Akishalala kwenye banda moja na wanyama wa nchi nyingine, nchi yako inaweza kumtazama kama mgeni.

5. Andika majina ya watu wote watakaosafiri, dereva na mchungaji wakiwemo. Kila mmoja awe na pasipoti au hati ya kusafiria inayokubalika mpaka huo, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano pale inapotakiwa.

6. Chukua karatasi zote, zipange kwa tarehe za mwisho. Ile inayoisha mapema kuliko zote ndiyo ratiba yako. Zinazochelewa kutoka, kama hati za watu, ziombe kwanza. Zinazoisha haraka, kama kibali cha mnyama, ziombe mwisho.

7. Safirini kama kikundi. Ukaguzi, gari na ufuatiliaji wa karatasi vikigawanywa kwa watu sita, mfugaji mdogo naye anafika uwanjani.

Ukiona hesabu haikubali mwaka huu, si aibu. Wenye farasi mara nyingi huwaacha wanyama wao nyumbani, wakaenda wao tu kutazama, kuzungumza na wafugaji, na kurudi na maarifa. Unaweza kubeba picha za dume lako, kumbukumbu za uzazi na za maziwa ya mama yake, na hati yako moja ya kusafiria. Mnunuzi makini atazisoma. Na kijana anayelichunga dume lile, mpeleke akaombe hati yake mwezi huu, kabla mwaliko mwingine haujaja.