Nyaya za Fundi Mitambo

Kazi ya muziki niliianzia chini kabisa, kwa kubeba. Bendi iliyoniajiri ilikuwa na spika ndefu kuliko mimi. Tulizipandisha garini na kuzishusha, leo Kinondoni, kesho Ilala, Jumapili ukumbi wa DDC Kariakoo. Fundi mitambo wetu hakuruhusu mbebaji yeyote aguse nyaya. Alizikunja mwenyewe, akazitia guniani, na gunia akalikalia njia nzima.

Nilimwelewa baadaye, nilipokabidhiwa mitambo. Enzi hizo kila kitu kilikuwa jeki: gitaa jeki, kinanda jeki, spika jeki. Plagi hiyo asili yake ni mitambo ya simu za kale, ambapo mhudumu aliwaunganisha wapigaji kwa mkono, na kwa kazi ile haina kasoro. Kuipitishia nguvu ya amplifaya kubwa ni kuionea. Ndani ya soketi, ncha yake inaguswa na kijibati kimoja tu, tena padogo mno. Kijibati kikilegea, sauti inakwaruza. Hewa ya chumvi ya huku pwani ikikizoea, kinaota kutu ya kijani. Na ukichomeka au kuchomoa amplifaya ikiwa inawaka, ncha inaweza kugusa pande zote mbili kwa mpigo mmoja. Shoti.

Ubaya mwingine ni kufanana. Waya wa gitaa na wa spika plagi ni ileile, na usiku muziki ukishakolea mtu anavuta ule alioufikia. Waya wa gitaa una uzi mwembamba katikati. Uufunge kwenye spika kubwa uone unavyochemka. Kwenye harusi moja Magomeni, mpiga solo alikanyaga waya, jeki ikatoka nusu, amplifaya ya kulia ikafuka moshi hata bwana harusi hajaingia ukumbini. Mwenye bendi akailaumu amplifaya. Akanunua nyingine, waya ukabaki uleule.

Neutrik, kampuni ya Liechtenstein, ilikuwa imeitoa plagi ya Speakon tangu 1987, ila mimi niliijua kwa kuchelewa, nyuma ya spika za mitumba kutoka Ulaya. Unaisukuma, unaizungusha kulia, inalia ta! na haitoki mpaka uvute kitufe chake. Shaba zake zimejificha ndani, kidole hakizifikii, na hata mlevi hawezi kuichomeka kwenye gitaa. Ile ya nguzo nne, mtengenezaji anaihesabia ampea 40 kwa kila nguzo. Nilitoboa upya spika zote za bendi na matundu ya jeki nikayaziba kwa mbao, ili asije mtu akanirudisha nyuma.

Kuifunga kwenyewe kunataka utulivu. Ndani kumeandikwa 1+, 1−, 2+ na 2−. Kwa spika ya kawaida natumia 1+ na 1−; nikiletewa spika iliyonyamaza kimya, jambo la kwanza naangalia kama kuna aliyefunga kwenye 2. Nachuna mpira, nasokota nyuzi, naingiza, nakaza skrubu, halafu navuta kwa nguvu. Ncha sizilehemu. Vijana wanapenda kuzilehemu kwanza zipendeze, lakini lehemu ni laini: chini ya skrubu inabonyea kidogo kidogo, na baada ya miezi skrubu imelegea bila kuguswa na mtu. Kisha nakaza kola ya nyuma ibane mpira wa nje, maana mtu akijikwaa, mvuto ubebwe na mpira, si shaba.

Unene nao una hesabu yake. Spika ikiwa mita 20 kutoka kwenye amplifaya, umeme unapita mita 40, kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita za mraba 0.75, hizo ni kama ohmu 0.9. Spika mbili za ohmu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa ohmu 4, kwa hiyo theluthi ya nguvu haifiki. Waya wa 2.5 unakupotezea kama asilimia 13 tu. Mteja anatoa mamilioni ya spika bila kusita, tukifika kwenye waya anaomba punguzo!

Siku hizi kijana ninayefanya naye kazi ana spika zenye amplifaya ndani. “Mzee, hizi hazitaki Speakon,” ananiambia, na ni kweli. Zinataka waya wa sauti na waya wa umeme, kila moja na zake. Nikamgeuzia moja nimwonyeshe: plagi ya umeme ni kama ya kompyuta, imeshikwa kwa kubana tu. Kwenye kipaimara cha juzi watoto walicheza nyuma ya jukwaa, spika ikazima katikati ya hotuba ya baba mzazi. Kijana anataka kuizungushia plagi tepu. Nimemwambia azilete karakana Jumatatu, tuweke powerCON, ya kampuni ileile, nayo hujifunga kwa kuzungushwa. Aina hiyo haichomolewi umeme ukiwa unapita, kwa hiyo atajifunza pia kuzima kwanza. Bei ya soketi nitamkata kwenye malipo ya Jumamosi.