Dola Moja ya Kocha

Wasomaji wangu wamezoea kunisikia nikizungumzia katiba, bajeti na ajira za umma. Leo nawaomba wanistahamilie, kwani nataka kuzungumzia besiboli, ingawa sitatoka mbali sana na ajira.

Mchezo wenyewe wengi wetu hatuujui. Mmoja hurusha mpira, mwengine huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne kabla ya mpira kurejeshwa. Ni jamaa wa kriketi waliyoicheza Waingereza pale Mnazi Mmoja, na msichana wa Unguja aliyekulia katika nage, ambao ndugu zetu wa Bara wanauita rede, angeingia katika mchezo huu akiwa tayari na shabaha ya mkono na wepesi wa mguu. Lakini kilichonivuta mimi ni maisha ya kazi ya makocha wake katika vyuo vikuu vya Marekani.

Mike Martin aliichukua timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida mwaka 1980 na kuiacha mwaka 2019. Misimu 40, ushindi 2,029; alipostaafu hapakuwa na kocha wa besiboli ya vyuo aliyemfikia kwa idadi hiyo. Mara 17 aliipeleka timu yake Omaha, mji ambako bingwa wa vyuo hupatikana kila mwaka, na mara zote 17 alirudi bila ubingwa. Alifariki dunia mwaka 2024 akiwa hajawahi kuubeba.

Nimeirudia habari hii mara kadhaa darasani, na kila mara wanafunzi huuliza swali lile lile: kwa nini hawakumfukuza? Swali hilo linatueleza sisi zaidi kuliko linavyomweleza yeye. Kwetu kocha akifungwa mechi tatu mfululizo, huundwa kamati. Chuo kile kilikuwa na kipimo kingine, nacho ni kwamba kila msimu, kwa misimu yote 40, timu yake ilistahiki kuingia mashindano ya taifa. Kilimpa mtu nafasi, mshahara na muda, halafu kikasubiri.

Wa pili ni Rod Dedeaux wa Chuo Kikuu cha Southern California. Alifundisha tangu 1942 hadi 1986, akachukua ubingwa mara 11, mitano kati ya hiyo ikiwa mfululizo, 1970 hadi 1974. Mshahara wake ulikuwa dola moja kwa mwaka.

Nawajua watakaoipenda dola hiyo. Ni wale wanaosimama majukwaani kuwaambia vijana wetu kwamba uzalendo ni kujitolea, na kwamba anayetanguliza posho hana moyo wa kazi. Basi na waimalizie hadithi. Dedeaux alikuwa mmiliki wa kampuni ya malori. Malori yalimlisha yeye na familia yake, na jioni akaenda uwanjani akiwa ameshiba. Mtu wa namna hiyo anaweza kupokea dola moja akaicheka.

Nasi tunao mfano wetu, na hatukuhitaji kuvuka bahari kuutafuta. Tsuyoshi Shimaoka, Mjapani, alifika Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwanzoni mwa muongo uliofuata akaanza kuwafundisha vijana wetu judo. Ameishi hapa kwa biashara zake mwenyewe, na judo ya Zanzibar, kwa kiasi kikubwa, ni kazi ya mkono wake. Kwa upande wa Bara, besiboli ililetwa na Mjapani mwengine, Shinya Tomonari, ambaye kabla ya hapo alikuwa Ghana. Kuanzia mwaka 2012 aliupeleka mchezo huo katika skuli za sekondari, na mashindano yake yakapewa jina la Koshien, kama yale maarufu ya skuli za Japani. Pale Azania, Dar es Salaam, ukajengwa uwanja kwa msaada wa Japani. Nawashukuru wote wawili kwa dhati. Hata hivyo, mwalimu wa siasa ana haki ya kuuliza: kwa nini kila tunapomtaja mtu aliyedumu na mchezo mmoja kwa miaka mingi, tunamtaja mtu mwenye riziki inayotoka kwengine?

Jirani zetu wa Uganda wanalijua jambo hili upande wake mchungu. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Kampala ilipata tiketi ya kwenda mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, yanayofanyika Williamsport, Marekani. Haikwenda. Viza zilikataliwa kwa sababu nyaraka za umri hazikuwiana. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko, na mechi moja wakashinda. Watumishi wa umma wanaonisoma waitafakari tofauti ya miaka hiyo miwili. Makocha walikuwa wamemaliza kazi yao. Kilichopungua ni daftari la vizazi.

Narudi Tunguu, ambako mtaa wetu umejaliwa vyuo vikuu viwili, jambo ambalo kabla ya mwaka 1998 Zanzibar nzima haikuwa nalo hata kimoja. Jioni, jua linapopungua makali, viwanja hujaa. Wapo wanaopanga koni, wanaopuliza filimbi, wanaojua nani ana maumivu ya goti na nani hajala tangu asubuhi. Waulize cheo chao. Mmoja ni karani, mmoja ni mlinzi, mmoja alikuwa mwanafunzi akamaliza na hakuondoka.

Nilimfahamu mmoja wa namna hiyo, katika taasisi nisiyoitaja. Kwa miaka minne alifundisha mpira wa wavu, akinunua nyavu kwa fedha za kushona nguo. Timu yake ilipofika fainali, picha zilipigwa na wakubwa wakasimama mstari wa mbele. Mwaka wa tano akaoa. Mwaka wa sita akapata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Paje. Hakuna aliyemfukuza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwajiri.

Sidai mishahara ya Marekani, ambako katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa zaidi kuliko wote ni kocha wa chuo. Huo nao ni wazimu wa namna yake. Nasema tu kwamba muundo wa utumishi unaoweza kumtambua fundi wa maabara na mtunza bustani unaweza pia kuwa na mstari mmoja wa kocha, wenye ngazi ya kuanzia, ngazi ya kupandia na mafao ya uzeeni.

Kijana yule alipoomba kazi hotelini aliniomba barua ya utambulisho. Palipotakiwa cheo chake cha awali niliandika: kocha. Siku mbili baadaye nilipigiwa simu na ofisa wa hoteli, mtu mwenye adabu sana, akiuliza kama nilikusudia kuandika "kujitolea".