Miche Themanini na Mmoja

Nauza miche kando ya barabara hapa Karen, Nairobi: maua, miparachichi na, zaidi ya yote, kayaba, ule mti wa miiba ambao wenye viwanja vya nusu ekari hupenda uwe ua wao. Biashara hii ni hesabu kutwa, na kwa miaka mingi niliifanya huku nikiziogopa. Mteja akitaja urefu wa ua, nilimwachia mtunza bustani wake apige hesabu, nikahesabu tu miche aliyoitaka.

Woga huo niliupata shuleni. Nilisoma mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, na kiboko hakikupigwa marufuku hadi 2001. Jedwali la kuzidisha tuliliimba tukiwa tumesimama, na aliyekwama alichapwa. Saba mara nane naijua hata usingizini. Kwa nini ni hamsini na sita, hakuna aliyenieleza, wala sikuthubutu kuuliza.

Mwaka jana binti yangu aliingia Gredi ya Nne. Mtaala wa umilisi (CBC) uliochukua nafasi ya 8-4-4, na uliofika gredi hiyo mwaka 2020, wazazi tumeulalamikia sana, hasa kwa gharama ya vifaa, na malalamiko hayo yana msingi. Lakini nitasema niliyoyaona mezani kwangu. Walipofika kwenye hesabu za sehemu, alikata chapati yake akanionyesha kwamba robo mbili ni sawa na nusu. Zikaja desimali, pembe, ujazo. Kisha likaja eneo. Alichora mstatili, akaugawa kuwa safu nne za miraba mitatu mitatu, akaniambia nihesabu. Kumi na miwili. Usiku ule ndipo nilipoelewa, nikiwa mtu mzima, kuzidisha ni kufanya nini hasa. Nilichukua kalamu nikachora safu saba za miraba minane, nikaihesabu yote, mmoja mmoja. Machozi yalinilengalenga.

Jumamosi moja alikuwa nami kibandani. Mtunza bustani mmoja alitaka kayaba za ua ulionyooka wa mita 40, mche kila nusu mita, toka ncha hadi ncha. Akaagiza themanini.

“Mama, hebu tuchore kwanza,” binti yangu akasema.

Alichora mita moja tu. Mche mwanzoni, mche katikati, mche mwishoni: mitatu. Akaongeza mita ya pili: mitano. “Nafasi ni themanini, mjomba, lakini miche ni themanini na mmoja, kwa sababu pale pa kuanzia napo panataka mche.” Yule bwana aliinama, akaufuata mchoro kwa kidole, akakubali. Kwa shilingi 20 kila mche, alilipa 1,620.

Mtoto wa miaka kumi alimsahihisha mtu mzima kwa adabu, na mchoro wake ukamtetea. Mimi katika umri huo nisingefungua mdomo. Kama mwaka mzima wa hesabu ungempa hilo peke yake, ningeridhika.

Siku hizi wateja nawapigia hesabu mwenyewe, mbele yao, kwenye daftari. Mzazi mwenzangu, usimwambie mwanao kwamba hesabu si za ukoo wenu. Muhula huu fungua daftari lake, umwombe akufundishe ukurasa mmoja, na usione haya kumuuliza kwa nini.