Mashine ya Mkate Kutoka Japani

Mama yangu alisifika mtaani kwa mkono wake wa unga. Nyumbani kwetu Unguja, boflo tulinunua kama watu wote, alfajiri, likiwa bado na moto. Mikate ya Ramadhani haikutoka dukani. Mkate wa kumimina aliupika mwenyewe, na mkate wa ufuta aliupika mwenyewe, na huu wa ufuta ndio uliomtaka nguvu. Unga wake ni laini kupita wa chapati, umechanganywa na tui la nazi, hamira na chumvi, na lazima upigwe: unauvuta juu, unaubwaga kwenye bakuli, unauvuta tena, mpaka unanyooka bila kukatika. Usipopigwa vya kutosha, mkate hutoka mzito, na hata ufuta uwe mwingi vipi haumsaidii mlaji.

Kisha baridi yabisi ikamwingia vidoleni. Asubuhi hakuweza kufunga ngumi. Tulimpokea kazi sisi mabinti, yeye akisimama nyuma yetu na kutuelekeza, lakini niliona jinsi alivyokuwa akiumia kwa kutazama tu.

Ami yetu alikuwa akiuza mtumba wa Japani. Miaka ile makontena yalishusha baiskeli, mafriji, vyungu vya umeme vya kupikia wali, na vitu vingine ambavyo hata wauzaji hawakujua kazi yake. Siku moja alileta sanduku jeupe lenye mfuniko, ndani yake chombo cha bati kizito, na chini ya chombo kibawa kidogo cha chuma kinachozunguka. "Shemeji, hii inakanda na kuoka," alimwambia Mama. Akaja na transfoma pia, kwa sababu umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 230, na kuichomeka hivi hivi ukutani kungekuwa kuiua. Transfoma ile ilichukua nusu ya meza.

Vitufe vyote vilikuwa na maandishi ya Kijapani. Bahati yetu, mtaa wa pili alipanga dada mmoja wa Kijapani aliyekuja kufundisha kwa kujitolea. Alikaa jikoni kwetu jioni nzima, akasoma kitufe kimoja kimoja, na Mama akabandika karatasi juu ya mfuniko: mkate, unga tu, keki, anza, simamisha. Akatupa na vipimo vya kwao: unga gramu 250, maji mililita 180, sukari, siagi, chumvi, na hamira kijiko kidogo kisichojaa.

Vipimo vile havikukubaliana na joto letu. Mashine inakwenda kwa saa: imepangiwa muda wa kukanda, muda wa kuumua, muda wa kuoka, mkate mzima unachukua kama saa nne. Hamira haisomi saa. Jikoni mwa Unguja mwezi wa Machi unga huumuka kabla ya wakati wake, hupanda mpaka kwenye mfuniko, na moto unapowaka huwa umeshachoka na kuanguka katikati. Mama ndiye aliyepata dawa. Alitia maji ya baridi ya friji, akapunguza hamira, na wakati mashine inakanda alifunua mfuniko na kubonyeza donge kwa kidole. Likishika kidole, aliongeza unga. Likiwa kavu, alidondosha maji. Alituita na sisi tubonyeze, kila mara, na hakutukubalia kuondoka mpaka tumwambie lina nini. Kwa nyumba yetu hiyo ndiyo ilikuwa shule. Zamani mikono yake ilikuwa na haraka na sisi tulitazama tu. Sasa kazi ngumu ilifanywa na chuma, naye akapata nafasi ya kutufundisha kuujua unga.

Ramadhani ilipofika alibonyeza kitufe cha "unga tu", akatia tui la nazi badala ya maji, na kuliacha sanduku livute na kubwaga. Mwisho aliupiga unga kwa mkono wake mara chache, kwa utulivu, kisha akaumimina kwenye gae na kuligeuzia gae makaa ili uso uive, akanyunyiza ufuta. Baba alikula, akanyamaza, akaomba kipande cha pili. Mama alilia. Ilikuwa miaka tangu mkate ule utoke mkononi mwake.

Baadaye sana nilisoma habari za mashine hizi zilivyopatikana, na ikanigusa. Katika kampuni ya Matsushita, ambayo leo tunaiita Panasonic, mashine zao za majaribio zilitoa mkate ulioungua ganda na kubaki mbichi ndani. Mtengeneza programu mmoja, Ikuko Tanaka, akaenda kuwa mwanafunzi wa mwokaji mkuu wa hoteli ya Osaka International, hoteli iliyosifika kwa mkate wake, na huko akaona kwamba fundi yule haukandi unga tu, anauvuta huku akiusokota. Wahandisi wakaongeza mbavu ndani ya chombo ili unga uvutwe vile vile, na mashine ikaingia sokoni 1987. Nilimsomea Mama. Akasema, "Basi ilifundishwa na mtu." Tangu hapo hakuiita tena mashine, aliiita mwanafunzi wa Osaka.

Mwezi wa Disemba 2009 umeme wa Unguja ulikatika, na haukurudi mpaka Machi 2010. Waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara ulikuwa umeharibika, kama ulivyotuzimikia pia 2008. Maji ya bomba yalikatika, jenereta zilinguruma mchana na usiku, na mwenye friji aligawa nyama yake kabla haijaoza. Mwanafunzi wa Osaka alifunikwa kitambaa. Maulidi iliangukia humo humo kwenye giza, na Mama alitaka mkate wa ufuta wa wageni. Tuliupiga sisi, kwa zamu, kwa taa ya kandili. Hakuna aliyetuelekeza. Mama alikuja mara moja, akabonyeza unga kwa kidole, akaenda kupanga sahani.

Waya mpya, wa megawati 100, ulianza kazi 2013. Wakati huo mpira wa chini ya kibawa ulikuwa umekwisha na chombo kilivuja. Fundi aliuziba mara mbili, kisha Ami akatuletea mashine nyingine ya aina ile ile. Dada yangu aliyeolewa Muscat amenunua yake mpya, yenye vitufe anavyoweza kuvisoma, na kila Shaabani humpigia Mama kumuuliza tui liwe zito kiasi gani. Mama humuuliza kwanza amenunua unga gani, na je, ameushika?