Mgongo wa Mama

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaitolea mifano mingi katika insha zangu, ila sikuielewa hadi mwaka wa 2024 nilipompeleka mama hospitalini kwa ajili ya mgongo.

Kwetu ni kijiji kimoja kando ya Mto Tana, si mbali na mji wa Garsen. Sisi Wapokomo tunaishi kwa kulima kingo za mto: mpunga, mahindi, ndizi na maembe. Jirani zetu Waorma ni wafugaji, nao huyafikia maji kwa kupitia malka, yaani njia za mifugo zinazokatiza baina ya mashamba. Mizozo ya ardhi, malisho na njia hizo ndiyo iliyozaa maafa ya mwaka wa 2012. Tarehe 22 Agosti mwaka huo watu zaidi ya 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Mashambulizi ya kulipiza kisasi yakaendelea, huku na huku, hadi Januari 2013. Miongoni mwa waliouawa miezi hiyo alikuwemo mjomba wangu, ndugu wa pekee wa mama. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Tulikimbilia Garsen na godoro moja na sufuria mbili.

Mama hakulia mbele yetu. Miezi michache baadaye alianza kulalamikia mgongo. Maumivu yakawa mara yako kiunoni, mara mabegani, mara yamepanda kichwani. Tuliyazoea kama tulivyozoea mbu wa masika. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipolifunika shamba letu lote, alishindwa hata kuinama kufagia ua.

Hospitalini alipigwa picha ya eksirei. Pingili zote za uti wa mgongo zilikuwa salama. Nilishusha pumzi, nikamwambia kwa furaha, "Mama, huna ugonjwa. Ni mawazo tu."

Alinitazama kitambo, akakaza leso yake kiunoni, akasema, "Haya, mwanangu. Twende nyumbani."

Tangu siku ile hakunitajia mgongo tena. Nilidhani amepona, kumbe alikuwa amenyamaza. Ni dada yangu aliyeniarifu kwamba mama huugua usiku kucha, akiuma ncha ya leso ili asisikike.

Tulikwenda kwa tabibu mwingine, mwanamke wa makamo. Huyu hakuanza na mgongo.

"Mama, usiku unalala?"

"Nalala."

"Unalala, au unafumba macho?"

Mama alikaa kimya kwa muda mrefu. "Nafumba macho," alisema. Ndipo akalitaja jina la mjomba, kwa mara ya kwanza mbele yangu tangu tulipokimbia.

Tabibu alituambia kwamba ugonjwa wa mama ni sonona, na kwamba mgongo wake unauma kwelikweli. Alitufafanulia kuwa kemikali za ubongo ziitwazo serotonini na noradrenalini hushughulikia hali ya moyo, na pia husaidia kupunguza nguvu ya taarifa za maumivu zinazopitia uti wa mgongo. Zinapovurugika, huenda huzuni ikakolea na maumivu yakaachiwa njia. Aidha, maumivu hunyima usingizi, na kukosa usingizi huzidisha sonona. Kila kimoja kikalisha kingine. Baadaye nilisoma kwamba chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kimekuwa kikiyafafanua maumivu, tangu mwaka wa 1979, kuwa ni jambo la mwili na la hisia kwa pamoja.

Nilisoma hayo kwa haya, kwani lugha yangu ilikwisha kunifundisha. Sononeka ni kuumia na ni kuhuzunika. Uchungu ni wa mzazi anayejifungua na ni wa mfiwa matangani. Twasema jino laniuma, twasema moyo waniuma, kwa kitenzi kile kile. Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, nilikuwa nimeyachambua maneno haya darasani, nikayaita tamathali. Kisha nikachukua neno dogo kuliko yote, "tu", nikamtwika nalo mama aliyekuwa na mzigo tayari. Ni kweli kwamba mawazo yalikuwemo. Kosa langu lilikuwa ni hilo "tu".

Sitaki kumhadaa msomaji kwamba mama amepona kabisa. Hunywa dawa yake kila usiku, nayo ilichukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu. Huenda kuzungumza na tabibu kila mwezi. Alfajiri, jua lisijachoma, hutembea hadi ukingoni mwa mto na kurudi, kwani alishauriwa kwamba kulala kutwa hukaza misuli na kuzidisha maumivu. Analima kijibustani cha mchicha, si shamba zima. Siku ambayo mgongo umemshinda, hupumzika bila kujilaumu.

Siku za soko, huketi Garsen pamoja na mama mmoja wa Kiorma auzaye maziwa. Huyo naye alifiwa mwaka ule, na bega lake la kulia limekuwa likimuuma tangu wakati huo. Sijui wanazungumza nini. Dada aniambia kwamba mara nyingine hawazungumzi.

Wenzangu katika chama hiki, huenda nasi tunao miongoni mwetu, mabwenini, mtu ambaye kila juma anaumwa kichwa au tumbo na vipimo havioni kitu. Tusikimbilie kumwambia hana ugonjwa. Tumuulize kama analala, kisha tungoje jibu la pili.

Mimi humpigia mama simu kila Jumapili.

"Mgongo waonaje, mama?"

"Leo wauma, mwanangu."

"Pole, mama," humjibu, na siongezi neno, nikamwacha anieleze.