Kisu cha Laki Sita

Mpwa wangu,

 

Mama yako kanieleza umepata kazi ya uskina, ya kuchuna wanyama, kwenye kambi ya uwindaji huko Rungwa, nikafurahi sana. Kisha akasema unataka kukopa laki sita ununue kisu huko Arusha, chenye mawimbi kwenye bapa na meno ya msumeno mgongoni. Nimekosa usingizi kwa habari hiyo.

Mawimbi yale ni feleji za aina mbili zilizounganishwa motoni, zikafuliwa pamoja, kisha zikatiwa tindikali ili michirizi ionekane. Fundi hodari hutoa kisu kizuri kwa njia hiyo. Lakini tindikali huchora michirizi hata kwenye chuma laini, na kwa macho hutajua. Muulize muuzaji ni feleji gani, na kama baada ya kuchovywa kwenye mafuta ilipashwa tena, nyuzi 200 hivi, ili isivunjike ovyo. Asipojua, fedha yako inanunua michirizi.

Msimu mmoja kambini kwetu tulipata skina kijana mwenye kisu cha namna hiyo, kirefu, ncha imebetuka juu. Siku ya nyati, badala ya kupasua kutokea ndani kwenda nje, alikata juu ya manyoya yaliyojaa matope na mchanga. Makali yakaisha kabla hajafika kifuani. Kesho yake aliletewa palahala wa mgeni, kichwa cha kupeleka kwao, ile ncha ndefu ikatoboa ukope. Alipokuwa akihangaika na mdomo, mpini ukacheza, maana chuma kiliingia ndani yake kidogo tu. Mkono wenye mafuta ukateleza hadi kwenye makali. Kano za vidole viwili zilikatika, na kutoka kambini hadi hospitali ni mbali. Vidole vile havikukunjika tena. Kampuni ikamkata mshahara kwa ajili ya ngozi, na sisi wote tukanyimwa bakshishi. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, kwa sababu yule mtoto alihitaji kufundishwa tu.

Kwa hiyo anza na umbo. Bapa la sentimita tisa au kumi linatosha, mgongo ukishuka taratibu hadi kwenye ncha, umbo ambalo fundi wa visu Bob Loveless wa Marekani alilipatia sifa. Ncha ya hivyo haitoboi utumbo upesi unapopasua tumbo. Chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho. Meno ya mgongoni yaache, mfupa una msumeno wake.

Kuhusu feleji, S30V ya Marekani hushika makali muda mrefu kwa sababu ina vanadiamu, lakini kinoo cha kawaida kitakutesa. Inataka kinoo cha almasi. 12C27 ya Sweden ina kromiamu ya asilimia 13 na zaidi, haishiki kutu upesi, na jioni unainoa mara moja ukalale. Visu vyake vipo vya bei ndogo sana kuliko hicho chako. Changu mimi kilifuliwa na mhunzi wa Kidatoga kule Eyasi kwa springi ya gari.  Kinataka kufutwa na kupakwa mafuta kila siku, lakini nimechuna nacho nyati na pofu miaka yote, na hakuna mgeni aliyewahi kulalamikia ngozi yangu.

 

Basi mkopo huo wa laki sita, mwanangu, usiuchukue. Msimu unafunguliwa Julai na mshahara utachelewa, wakati mkopeshaji hachelewi. Kama umeshaweka malipo ya awali, mrudie muuzaji kabla hujapanda basi, umwombe akurudishie. Akikataa, nipigie nizungumze naye mwenyewe.

Mjomba wako