Lodwar hadi Kakuma kwa Baiskeli

Kati ya Lodwar na Kakuma kuna kilomita 120 hivi za barabara ya A1, ile inayotoka Kitale kuelekea Lokichoggio. Mwenye kumbukumbu hizi, fundi wa baiskeli wa Lodwar, aliipita kwa miaka kadhaa akiwa na spoku, chubu na raba za breki kwenye keria. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea wakimbizi kutoka Sudan, na kabla pikipiki hazijaenea, boda boda za baiskeli ndizo zilizobeba watu na magunia huko. Penye baiskeli nyingi na miiba mingi, fundi hakosi kazi.

Safari ilianza saa kumi alfajiri kwa sababu mbili: jua na upepo. Joto la mchana hupita nyuzi 35 sehemu kubwa ya mwaka, na kufikia saa tano lami huwa imeshika moto. Upepo nao hutoka kusini-mashariki, ukipenya kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, na huvuma kwa nguvu zaidi usiku na asubuhi. Ni upepo huohuo unaozungusha mitambo 365 ya umeme ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Loiyangalani. Kwa kuwa Kakuma iko kaskazini-magharibi mwa Lodwar, anayewahi kutoka husukumwa mgongoni.

Mwanzo wa njia ni wa kijani. Lodwar imekaa karibu na mahali lagga (mto wa msimu) ya Kawalase inapokutana na mto Turkwel, na kandokando ya maji kuna mikoma na migunga. Katikati yake umesongamana mathenge, mti wa kigeni uliopandwa kuzuia jangwa na ambao sasa umefunga malisho. Kivuli chake ni kizuri, ila fundi hakuegesha baiskeli chini yake: mwiba wake hutoboa hata tairi jipya.

Ukiuacha mto, nchi hufunguka. Changarawe, vichaka vilivyoachana na vilima vya mawe hupokezana, na lagga hukatiza njia mara kwa mara. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi tu kwa mwaka, lakini ikinyesha milimani, mchanga mkavu hugeuka mto kwa muda mfupi. Maji yakishuka, fundi alilaza baiskeli akakaa kungoja yapungue.

Pancha ilitokea karibu kila safari. Gereji hutumia karai la maji kutafuta tundu. Njiani maji hayakuwa ya kuchezea. Fundi aliijaza chubu upepo na kuipitisha polepole karibu na mdomo, maana midomo husikia pumzi ambayo kidole hakiisikii. Tundu likijificha, alipaka mate na kungoja povu. Kisha alisugua kwa msasa, akapaka gundi, akaiacha hadi isinate kidoleni, ndipo akabandika kiraka. Kosa lake la safari ya kwanza lilikuwa kurudisha chubu bila kupapasa ndani ya tairi. Mwiba ulikuwa bado umo, na hakufika mbali kabla ya kushuka tena.

Maji ya kunywa yalikuwa lita 10, ingawa mtu mmoja angeweza kujibana na sita. Zilizozidi zilikuwa za njia. Wachungaji wa mbuzi na ngamia walisalimu, "Ejoka," kisha wakaomba maji, na kumnyima mtu maji mahali kama hapo ni aibu ambayo hufika Kakuma kabla ya baiskeli.

Kuanzia saa tano hadi saa tisa alipumzika chini ya mgunga. Jioni vilima vya Pelekech vilijitokeza, kisha mikoma na mchanga wa lagga ya Tarach, na magharibi ikamkuta Kakuma, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa usukani.

Kurudi lilikuwa jambo jingine. Upepo uliomsaidia siku ya kwenda ulimkabili usoni, na mara moja aliyojaribu kurudi kwa kukanyaga, safari ilimchukua siku mbili. Tangu hapo alipakia baiskeli juu ya lori, akalipa nauli ya mtu na ya mzigo.